Mzigo Uliosukuma Juu

Zamani kuni za Lopur zilifika Kakuma mgongoni mwa punda, na leo zinaletwa kwa lori kuchemsha maji ya mtambo wa umeme ili watu wachaji simu.

Ejore alijua kupakia punda. Mama yake alimfundisha: mzigo ushuke sawa pande zote mbili, usikalie uti wa mgongo, la sivyo punda ataota kidonda. Alipokuwa fundi wa mtambo huo, mimi nikiwa mlinzi wa lango, alifunga beringi, kikalio cha shafti, ule mhimili unaozunguka, vivyo hivyo. Ndani yake mna vipande vitano vinavyoinama kidogo kuufuata mzunguko wa shafti. Akavipanga ili uzito wa shafti ushukie katikati ya vipande viwili vya chini.

Mtambo ukizunguka bila kazi, beringi haikupata joto. Ukibebeshwa umeme wa mji, kipande kimoja cha ubavuni, upande wa juu, kilipata moto hadi oili ikanuka. Asubuhi moja ikabidi mafundi wauzime. Zahanati ilikuwa na watoto kwenye oksijeni, na dizeli ya jenereta yake ndogo ingeisha jioni.

"Nimeipanga sawa," Ejore alisema. "Uzito uko katikati."

"Uzito wa nini?" aliuliza Eugénie, fundi mwenzake, Mkongo wa kambi ya wakimbizi. "Papa Ejore, hii shafti haiko punda. Ikianza kazi, gia kubwa inaisukuma juu, kwa ubavu. Mzigo wote unakalia kipande kimoja."

"Mzigo unaopanda juu? Mama, kwenu hata mizigo ni mikaidi."

"Cheka tu. Oili haicheki."

Nilimwambia Ejore aachane na vyuma, arudi kwa mifugo.

"Mifugo gani, mzee?" alijibu bila kugeuka. Ukame ulikuwa umeimaliza, yake na yangu.

Wakaligeuza ganda la beringi mpaka msukumo wa gia uangukie katikati ya vipande viwili. Jua likiwa linashuka, wakaubebesha mtambo kazi. Eugénie alikodolea macho kipimajoto. Ejore aliweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo. Sindano ikapanda, ikasita, ikatulia. Taa za zahanati zikawaka.

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa nyuma ya lori, wakipelekwa Lodwar kufunga mtambo mwingine. Hawakuniaga. Walikuwa wakikaza kamba ya mzigo, Eugénie akivuta upande wake, Ejore ameegemeza mguu ubavuni mwa sanduku, kama mama yake alivyouegemeza kwa punda.