Ute wa Mayai ya Sadaka

Mapacha wetu walizaliwa nilipokuwa mwalimu wa injili katika kijiji kimoja upande wa Ipole. Waumini hawakuwa na fedha, basi Jumapili walileta mazao: mtama, asali, na zaidi ya yote mayai. Yaliyobaki baada ya mnada wa sadaka yaliletwa nyumbani kwetu, kapu zima. Namshukuru Mungu kwa mikono ile.

Watoto walikuwa dhaifu. Mhudumu wa zahanati, dresa kama tulivyomwita, akamwelekeza mke wangu avikoroge viini vya mayai katika uji unaochemka. Ute ukabaki. Mke wangu alilelewa kuamini kwamba sadaka haitupwi, lakini katika Unyamwezi ya siku zile mwanamke hakutakiwa kula yai, na mama yangu, aliyekaa nyumba ya pili, alilishika sana jambo hilo. Yai likikaangwa angelisikia harufu yake. Kwa hiyo mke wangu aliunywa ute mbichi, amesimama jikoni, bakuli kila asubuhi.

"Kinachomezwa hivi hakinuki," aliniambia akicheka.

Miezi ikapita. Ngozi ikaanza kumwiva kando ya mdomo na macho, ikabanduka magamba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Kicheko kikamwisha, na miguuni alihisi kama sisimizi wanatembea.

Mama ndiye aliyetamka tulichokuwa tunakiogopa. "Huu ni ukoma. Na watoto bado wananyonya."

Aliyeonekana na ukoma alikwenda kuishi kambini, watoto wake wakalelewa na wengine. Lori la wanunuzi wa asali likatupeleka sote hospitali ya misheni, mke wangu amempakata pacha mmoja, na mama yangu amempakata wa pili.

Daktari, mzungu aliyekizoea Kiswahili cha Tabora, alimfunga mke wangu kitambaa machoni, akawa anayagusa mabaka kwa uzi wa pamba.

"Nimegusa wapi?"

"Shavuni."

"Na sasa?"

"Chini ya mdomo."

Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, na kila alipojibu sawa nilisema amina.

"Mama, huu si ukoma," daktari akamwambia mke wangu. "Ukoma ungekufisha ganzi hapo. Sasa niambie, unakula nini nyumbani?"

Mke wangu alimtazama mama, kisha mapacha. "Ugali kidogo. Na ute wa mayai. Mbichi."

"Yee!" Mama aliruka. "Nami nipo nyumba ya pili!"

Daktari aliuliza ni mwingi kiasi gani, na kwa muda gani, akatikisa kichwa. Alisema wataalamu wa ng'ambo walikwisha kuuchunguza ugonjwa huo. Mwilini kuna vitamini iitwayo biotini, inayotunza ngozi na nywele. Ute mbichi huikamata tumboni, ikatoka bila kumfaa mtu. Moto huuondolea ute nguvu hiyo. Ale mayai yaliyopikwa, maini na karanga, naye atapona.

"Basi wazee walisema kweli," mama akasema. "Mwanamke na yai haviendani."

"Bibi, hata mwanaume angenyonyoka."

"Hata huyu mwanangu?"

"Ndevu zote."

Mama alinikagua kidevu kwa muda. "Hana nyingi za kupoteza," akasema, na mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua za kwanza.

Tuliporudi, nilidhani mama angeanza kunifundisha jinsi ya kumkanya mke. Asubuhi alikuja na kikaango chake mwenyewe. Alimnyang'anya mke wangu kapu, akavunja mayai, akasimama juu ya moto mpaka ute ukakauka kabisa pembeni.

"Kula, mkamwana. Nikuone ukitafuna."

Jirani mmoja mwanamke alikuwa akipita na mtungi kichwani, akapunguza mwendo, akanusa. Nilinyanyuka niufunge mlango, harufu isitoke.

"Uache," mama akasema. "Moshi utatuumiza macho."