Sumu Niliyonunua Pamoja na Kilima

Kwetu Masisi, kilima hakiuzwi mu ofisi. Mu ofisi munaenda kumalizia tu. Kilima kinauzwa na miguu: muuzaji mbele, mununuzi nyuma yake, majirani pembeni, munazunguka mupaka wote. Kila kitu ambacho mununuzi anapiga fimbo, muuzaji akinyamaza, kimehama mukono. Muuzaji akitaka kubakiza kitu, kaburi ya baba yake ao muti aliopanda, anasema palepale. Kiisha munakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na hakuna tena wa kugeuza maneno.

Hivyo njo nilinunua ferme moja ya zamani, shamba la ng'ombe, juu ya njia inayotoka Sake. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa primeri. Nilibeba maharagi ya watu ku mugongo mpaka nikapata ya kwangu, nikauza maharagi nikanunua ng'ombe, ng'ombe zikazaa. Hakuna muntu aliyenipa kitu. Kilima nilikitaka kwa sababu moja: watoto wangu wasibebe mizigo ya watu. Kwa hiyo siku ile fimbo yangu haikuwa na haya. Nilipiga zizi. Nilipiga nyumba ya mbao ya kutengenezea fromaji, jibini yetu. Tukafika ku birika.

Birika ni mufereji murefu wa sima, ile saruji ya kujengea. Wenye ferme wa zamani walikuwa wanaujaza dawa ya kupe, ng'ombe zinaogelea ndani, zinatokea upande wa pili. Chini yake udongo ulikuwa umevimba kama kaburi la muntu munene.

"Ile acha, Papa," muuzaji akasema. "Iko kitu ya zamani, haina kazi."

Nikasema ndani yangu, huyu anataka kurudi kuvunja sima na mawe, akajengee kwingine. "Unaniachia kilima kizima, unanikatalia mufereji? Ao walikuzalia mule?"

Majirani wakacheka mpaka kushika mbavu. Naye akacheka kidogo, akanyamaza. Nikapiga fimbo mpaka sima ikalia.

Miaka ikaenda vizuri. Vita vilikuja, vikaondoka, vikarudi. Ng'ombe nyingine ziliibiwa, nyingine nilizificha, kilima kikabaki. Hata wenye bunduki hawawezi kubeba kilima.

Kiisha mvua ya musimu mumoja ikakata udongo chini ya birika. Muchungaji wa ng'ombe zangu aliniita asubuhi. Mapipa ya chuma yalikuwa yametoka inje, yameoza, na maji ya kijivu yalikuwa yanashuka polepole kuelekea chemchem ya bondeni. Ndama zangu njo zilitangulia. Zinakunywa, zinatetemeka, zinaanguka. Zikafuata mbuzi za mama mumoja wa bondeni, mukulima wa maharagi na mihogo, tunasali naye kanisa moja. Akafuata binti yake. Alitapika tangu asubuhi, tukamubeba ku tipoyi, kitanda cha kubebea wagonjwa, kwenda kwa waganga wa hospitali, tukarudi naye amefunikwa. Mimi nilishika mbele ya tipoyi.

Veterineri, muganga wa ng'ombe, alipeleka maji ya chemchem mu laboratware yapimwe. Jibu likarudi: arseniki. Njo dawa ya kupe ya wakati wa wazungu. Akanieleza kwamba haiozi. Hata wajukuu wa wajukuu wakichimba pale wataikuta vilevile.

Yule mama hakunitukana. Alisimama ku mulango wangu, akasema: "Papa, ng'ombe zako sitaki. Nataka ile kitu itoke juu ya kichwa yangu." Kiisha akaenda kunishitaki.

Mu tribinali, juji, mwenye kukata kesi, alikuwa kijana wa miwani, anasema Kifaransa, karani anatugeuzia mu Kiswahili. Nilisema wazi: "Mimi sikumwaga hata tone. Wakati walimwaga ile dawa, mimi nilikuwa ku ziwa la mama. Mutafute aliyemwaga."

"Iko wapi huyo?" karani akauliza.

"Mimi nitajua wapi?"

Juji akasema maneno marefu. Karani akayafupisha: "Papa, sheria inaanza na mwenye kushika kilima leo. Yeye njo anasafisha, kwa mali yake. Akisha kusafisha, aende kutafuta wengine wamusaidie kulipa."

"Na udongo si wa Leta, wa serikali?" nikasema. "Kila siku munatuimbia, udongo ni wa Leta, ninyi munashika tu. Basi Leta ikuye na jembe yake!"

Watu wakacheka. Juji hakungoja kugeuziwa, kumbe Kiswahili anasikia muzuri. "Udongo ni wa Leta, Papa. Uchafu ni wa konsesionere, mwenye kushika."

Wakacheka zaidi, na sasa walikuwa wananicheka mimi.

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema birika halikuandikwa mu dokima ya ofisi, mimi nilinunua majani ya kulisha ng'ombe. Wakaita muzee mumoja, jirani yangu, mwenye kucheka kuliko wote siku ya kuzunguka mupaka. Akasimama, akavua kofia. "Muuzaji alisema ile acha. Huyu akapiga fimbo. Nilikuwako, nilikunywa na kasiksi yake." Hakusema uongo. Nilimuchukia mwaka muzima, lakini hakusema uongo.

Nikaenda kutafuta muuzaji. Alikuwa amehamia Walikale. Nilipanda nyuma ya pikipiki, tukaacha majani yetu tukaingia mu pori, matope yanameza magurudumu, na ku kila kizuizi kuna mwenye bunduki anaomba chake. Nilimukuta mu kibanda kando ya barabara, anauza sabuni na chumvi, amezeeka kuliko mimi. Alinikaribisha, akanipa lituma, ndizi ya kuponda, na samaki. Nilikula kwanza. Muntu hagombani na mwenye kumulisha kabla ya kunawa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua kama iko mubaya. Mimi pia niliikuta pale. Nilifukia, nikapanda majani juu."

"Ungesema!"

"Nilisema acha."

"Ungesema ni sumu!"

"Ningesema sumu, ungenunua?"

Akaonyesha kibanda chake na mukono. "Ukitaka, kamata. Sabuni ni ile, chumvi ni ile. Kitanda yangu iko nyuma."

Nilirudi na mikono mitupu. Nikauza ng'ombe. Zizi likabaki na sauti ndogo. Wanaume waliofunika pua na mikono kwa vitambaa walichimba shimo ku birika, wakachimba udongo wa chini yake na wa chini tena, wakatia yote mu mapipa mapya. Hapo njo nilifahamu ujinga wa kazi yenyewe: kusafisha ni kutoa kitu hapa ukipeleke kwingine, na kwingine hakuna. Muntu wa servisi ya anvironema, ya kuchunga mazingira, aliniambia wanaojua kuchoma sumu ile wako inchi za mbali. Akatafuta mahali pakavu kupita Sake, ku mawe ya volkano. Watu wa Sake walisikia kabla lori halijafika. Wakajaa mu barabara, mawe mukononi: "Murudishe kifo yenu kwa mwenyewe!" Shoferi akageuza gari bila kuniuliza.

Kwa hiyo sumu ilirudi kwa mwenyewe. Tulijenga chumba cha sima juu kabisa ya kilima, mbali na maji, pale majani yangu yalikuwa mazuri kupita pote. Tukakizungushia miiba ya chuma. Juji akaandika kwamba mwenye kushika kilima atakichunga, na nyuma yake wenye kurithi kilima.

Yule mama alipanda kuja kuona. Alizunguka chumba, akagusa ukuta.

"Papa, umeipandisha tu. Sasa iko juu zaidi."

"Iko ndani ya sima, mama."

"Sima inazeeka. Na wewe unazeeka. Ukikufa, nani ataiangalia?"

"Watoto yangu."

"Umewauliza?"

Niliwaita siku ya Mungu, jumapili, kiisha misa. Mukubwa wao alitoka Goma, anafanya kazi ya ofisi na anavaa viatu vya kung'aa. Binti yangu alikuja na bwana yake. Wengine wanakaa karibu. Niliwaambia yote, nikauliza nani nitaandika jina yake. Waliangalia chini kama wanasikiliza mahubiri.

"Papa, tunakuheshimu," mukubwa akasema. "Lakini mimi usiniandike."

"Uuze," binti akasema. "Kila siku watu wa Goma wanatafuta majani."

"Nani atanunua chumba ya sumu?"

Mukubwa akashusha sauti, ingawa tulikuwa sisi tu. "Papa, miiba unatoa. Juu ya sima unapanda majani. Wakikuya kuangalia, unanyamaza."

Nikafikiri yule muzee wa Walikale na kicheko chake kidogo. Nikafikiri tipoyi. Nikamwambia mutoto wangu atoke mu nyumba yangu. Akatoka. Wengine wakamufuata mumoja mumoja, binti akiwa wa mwisho, akasema tu, "Tutaonana, Papa." Chakula kilichopikwa kikabaki.

Sijaandika jina ya muntu. Kilima nilichonunua ili kiwapumzishe, njo kiliwafukuza. Muchungaji naye ameomba ruhusa ya kwenda kwao. Mvua ya juzi imepasua sima upande wa juu, mupasuko mwembamba, ukucha unaingia. Nimeagiza mufuko mumoja wa sima ku soko. Nitapanda nao mwenyewe, nichanganye, nizibe kabla mvua nyingine haijanyesha.