Zamu ya Kupura Alizeti

Kaka yangu alinituma kijijini Mtinko na swali moja tu: mama bado anatutambua? Kama hatutambui, tulikuwa tumekubaliana nimchukue nimpeleke mjini, akae ndani na binti wa kumwangalia. Kaka ni msomi. Kwenye simu alinipa somo zima, kwamba mtu ni kumbukumbu zake, zikiisha kinachobaki ni mwili wa kulishwa na kuogeshwa. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana nilifunga mzigo nikaenda.

Nilimkuta mama uani kwa mdogo wangu anayeishi naye. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

Roho ikatulia. Halafu akanitazama vizuri, akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kabla sijajibu, wanawake wa jirani wakabisha hodi. Kwetu alizeti hupurwa kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye alizeti ndiye anayepika. Walikuja kumchukua mama kama walivyomchukua miaka yote, wakamshikisha fimbo yake ya kupuria. Nikafuata nyuma nimenuna, nikijua wanakwenda kumfanya kichekesho.

Kupiga vichwa vya alizeti alikuwa bado hodari. Shida ilikuwa kupeta. Alipeta mpaka mbegu zikawa safi kabisa, kisha akazimwaga zote kwenye rundo la makapi na kuanza upya. Akarudia tena vilevile. Nikaruka nimnyang'anye ungo. Mwenye alizeti, mama mmoja wa Kiislamu aliyeolewa hapo kijijini enzi moja na mama yangu, akanidaka mkono.

"Unataka kufanya nini?"

"Anawaharibia kazi, mama."

"Alizeti ni zangu au zako?" Wenzake wakaangua kicheko. "Mwache mwenzetu. Akimwaga tunapeta tena. Kwani upepo umeisha?"

Wakapeta tena, huku wakimwambia, "Leo umeamua kutukomoa, ee!" Mama akawajibu kwa Kinyaturu jambo lililowafanya washike mbavu, nami mwanawe sikulisikia vizuri. Nilichowashukuru zaidi, na nawashukuru mpaka leo, ni kwamba hakuna aliyemhurumia. Walimtania, walimgombeza alipokaa vibaya, walimtaka amalize rundo lake. Nilikuwa nimekuja kupima kama mama bado ni mtu, na wao hata hawakujua kwamba kuna swali kama hilo.

Wakati wa kula wakazunguka sinia la ugali wa uwele na kuku. Mimi nilibaki pembeni kwa aibu, sikuwa nimepura hata kichwa kimoja. Mama akaacha kutafuna.

"Huyu binti hajala," akawaambia wenzake. "Simjui ni wa nani, lakini hajala."

Akamega nyama yake mwenyewe, akaninyooshea. Nilipiga magoti mbele yake nikala huku nalia, na wala sikujificha.

Jioni kaka akapiga simu. "Amekutambua?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini ameona kwamba sijala, akanipa nyama yake."

Kaka akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo, alizeti za mama zitapurwa lini, ili naye aje.