Kidole Kilichoogopa Maji Baridi

Yule fundi cherehani ambaye jirani zake walimwita Mama Vifungo alikuwa na kidole cha pete kilichoogopa baridi. Maji yakikigusa, au upepo tu wa asubuhi, maumivu yalimchoma kama pasi ya moto hadi begani. Kwa nje hakikuwa na uvimbe wala jeraha. Wifi yake alimtania kwamba kidole kinadeka tangu kivuliwe pete ya marehemu mumewe.

Yeye hakucheka. Mama yake mzazi, fundi vilevile, aliumwa kidole hichohicho. Kilikatwa. Tangu hapo hakushika tena sindano, akawa wa kukaa mlangoni, mkono kwapani, mpaka Mungu alipomchukua. Sasa kila Mama Vifungo alipoketi kwenye cherehani, alihisi mama yuko nyuma yake, mkono kwapani, anangoja zamu ya bintiye ifike.

Hospitali alikwenda mpaka akachoka. Picha ya mifupa ilikuwa safi, na akibonyezwa hakuumia sana. Akarudishwa na vidonge.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alimkuta ameuviringisha mkono kwenye kitambaa chenye joto, akamuuliza ni cha nini.

"Naukanda kwanza kwa maji moto, nisije nikakupigia kelele," alisema Mama Vifungo. "Mama ndiye aliyenifundisha."

Daktari akakifungua kitambaa. "Ndiyo maana hatuoni kinachokuuma, dada. Joto linakituliza kidole."

Akamtumbukizia kidole kwenye maji baridi, akakausha, akagusagusa kucha kwa kichwa cha pini. Hapa si kitu, pale si kitu. Halafu nukta moja, na fundi akaruka kitini. Daktari akamfunga mkono kwa mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo hadi damu ikazuilika, akagusa palepale. Hapakuuma. Akamweleza kuwa chini ya kucha kuna kauvimbe kadogo ka mishipa ya damu. Ni nadra, lakini si saratani. Kakitolewa, kidole kinabaki.

"Na cha mama yangu?"

"Huenda kilikuwa hivihivi. Siwezi kujua."

"Naye alikuwa akiukanda mkono kabla ya kumwona daktari," alisema fundi, akainamia miguu yake.

Siku ya upasuaji kucha iliinuliwa, kikatoka kitu kama punje ya mchele. Kidonda kikapona, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi moja ya baridi alitumbukiza mkono kwenye ndoo kusudi. Maji yakawa maji tu. Lakini alipoketi kushona, aliukuta mkono uko kwapani, umekwenda wenyewe.

Hakuutoa haraka.

"Kimetoka, mama," alisema taratibu. "Kapumzike sasa."

Nyuma yake kulikuwa kimya. Hakugeuka kutazama.