Wananiomba Ninyamaze Kuhusu Chai ya Mke Wangu

Asante, msimamizi wa kundi hili, kwa kukubali kunificha jina. Majina nitakayotaja si yetu. Nina miaka sitini na sita, ni mwalimu mstaafu, naishi mtaa wa Umoja na mke wangu, Mama Nafula, ambaye bado anafundisha. Ugonjwa wangu ni wivu. Nautaja mapema ili msihangaike kuutafuta.

Niwaeleze kwanza mambo yalivyo. Shule nyingi ndogo za binafsi huku kwetu Eastlands humwajiri mwalimu kwa muhula. Shule ikifungwa Aprili, Agosti au Desemba, mshahara nao unafungwa, na ikifunguliwa hujui kama bado una darasa. Ndiyo sababu tuliunda chama chetu, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake tulipokaa na wenye shule kujadili mkataba. Nilipostaafu, walimu walimchagua mke wangu akalie kiti kile kile. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilidhani angekuwa akirudi jioni kuniuliza afanyeje.

Hakuuliza. Kwetu sisi, mazungumzo yakiendelea, mjumbe hasemi ya mezani mpaka mkataba utiwe sahihi, hata kwa mwenzake wa nyumbani. Kanuni hiyo niliipigania mimi. Tena msemaji ana ishara yake: akivua miwani, wajumbe wake wote wanyamaze. Jioni moja tukila ugali na mrenda nilimwuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, wenye shule wamesemaje kuhusu mshahara wa Agosti. Akavua miwani, akaiweka kando ya sahani, akaendelea kula. Tulicheka wote wawili, ila mimi nilicheka kidogo.

Wenye shule wanasemewa na wakili mmoja, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Humpigia mke wangu simu na kumwita "Mwalimu wangu". Mke wangu hutoka kuongea kwenye roshani, nami hupunguza sauti ya televisheni. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Hapo umenishika, lakini ngoja Jumatano," kisha akacheka kicheko kirefu ambacho sikukijua. Mimi nikibishana naye, huniambia, "Sawa, Baba Nafula," na mambo yanaishia hapo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alinijia Wafula, mweka hazina wa chama. Ni mwalimu kijana, mwerevu, na alikuwa amekitaka kiti alichopewa mke wangu. Alikuja na mkate na maziwa, akaulizia magoti yangu, akausifu ukuta wangu uliopakwa rangi mwaka juzi. Ndipo akasema kwamba Mama Nafula ameonekana hotelini, kule mtaa wa Fedha, akinywa chai na yule wakili, wawili tu. Walimu wanasema amenunuliwa. Jumamosi wanachama watakutana katika ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Baba Dogo, na kutapigwa kura ya kumtoa.

"Mzee, si unajua vile watu wanabonga, maneno hayaishi," akasema. "Hatukuombi useme uongo. Wakikugeukia, wewe nyamaza tu."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe anaamini amenunuliwa. Akanijibu kwamba kuamini si kazi ya mweka hazina.

Sasa, maana ya chai ile ninaijua mimi. Mezani kila msemaji ana watu wake nyuma, na hakuna anayethubutu kulegeza kamba wakimtazama. Kwa hiyo wasemaji wawili hutafuta mahali pa kando, na mmoja humwuliza mwenziwe, "Tukiwaachia hili, mtatupa lile?" Kila mkataba niliowahi kuutia sahihi uliiva kwenye chai ya namna hiyo. Kama mke wangu amefika huko, basi mishahara ya likizo iko karibu sana. Wakimtoa sasa, mazungumzo yanaanza upya, na walimu wataingia Agosti wakikopa unga dukani kama kawaida.

Naweza kuyaeleza haya kwa dakika chache, na ukumbi mzima utaniamini. Lakini nikieleza, anabaki, na simu za roshani zinabaki. Nikinyamaza, anarudi nyumbani, kiti kinamwendea Wafula, na Wafula atakuja hapa na mkate mwingine kuniuliza afanyeje. Naona haya kuwaambia kwamba nimeshajiona nikimweleza, na picha hiyo ilinipendeza.

Msidhani nashuku mapenzi. Kama ningeshuku mapenzi, ningejua pa kuanzia. Ninachomwonea wivu yule bwana ni kwamba anabishana na mke wangu akiwa katika ubora wake wote, na mimi hupewa yule anayerudi amechoka.

Jana alikuwa akipiga pasi gauni la Jumamosi. Habari za kura anazo. Bila kuinua macho akasema, "Wakiniuliza habari ya chai, siwezi kujibu. Nikijibu tu, wenye shule watageuka na tutapoteza kila kitu."

"Najua," nikamwambia.

"Wewe unaweza."

Nikasema, "Tutaona."

Neno hilo ndilo wenye shule walilotupa miaka yote tulipowaomba mshahara wa Agosti. Mama Nafula alinitazama, nadhani kama anavyowatazama wao. Akachomoa pasi ukutani, akaenda kulala.

Mkutano ni keshokutwa. Tafadhali msiniambie nimwamini mke wangu. Namwamini, na wivu uko palepale. Nimetumia maisha yangu kueleza watu mambo, ila hili naomba nielezwe mimi: Jumamosi watakaponigeukia, nisimame au nikae?