Stempu ya Daraja

Afisa wa forodha aliniuliza nimebeba nini, nami nikajibu kwa neno moja: stempu.

Hapa Tunduma neno hilo limebadilika. Barua zenyewe nani anaandika siku hizi? Ukisema stempu, watu wanafikiria zile za kodi zinazobandikwa kwenye chupa za pombe kali na pakiti za sigara, na kila mtu mjini ana habari za fulani aliyekamatwa na za bandia. Nilikumbuka hayo nikiwa nimeshasema. Afisa aliacha kuandika, akanitazama, kisha akautazama mkoba wangu.

"Njoo huku pembeni, mama," alisema.

Nilikuwa nimetoka ng'ambo, Nakonde, kwa bibi mmoja mjane. Tulifahamiana kwenye mazishi ya ndugu wa mama yangu, maana sisi wa huku tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, na msiba ukitokea tunavuka. Siku ile tulikuwa tunaosha vyombo pamoja. Aliposikia kwamba ninafundisha jiografia, akaniambia nyumbani kwake kuna albamu ya stempu. Marehemu mumewe alikuwa karani wa barua kwenye mgodi wa shaba, na mhandisi mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia.

Kupenda stempu kwangu ni jambo la utotoni. Baba alikuwa tarishi wa chama cha ushirika cha kahawa kule Igamba, na bahasha zilizokwisha kazi alituletea sisi watoto. Nilizilowesha kwenye bakuli mpaka stempu ziachie, nikazianika juu ya gazeti.

Kwenye albamu ya bibi kulikuwa na ukurasa wa stempu sita zilizotolewa Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kuadhimisha maonyesho ya dunia, yale ambayo watu walikwenda kutazama mashine na taa za umeme. Kila stempu ilikuwa na fremu ya rangi yake na picha nyeusi katikati: meli ya ziwani, garimoshi, gari la umeme, daraja la chuma karibu na maporomoko, milango ya mfereji, meli ya baharini. Bibi hakunipa zote kwa mkupuo. Kila nilipompelekea kahawa ya nyumbani alichomoa moja, akisema mumewe asingependa kuuona ukurasa ukibaki mtupu kwa siku moja. Tano nilivuka nazo ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na hakuna aliyeniuliza kitu. Ya daraja ilikuwa ya mwisho. Hiyo niliiweka kwenye bahasha ndani ya mkoba, kwa sababu nilishazoea.

Chumba cha pembeni kilikuwa na meza, viti vitatu na feni. Aliingia mkubwa wake yule afisa, mwanamke wa rika langu, mpole wa sauti. Upole wake ndio uliozidi kunitisha.

"Stempu za nini, mwalimu?" aliuliza, akiwa ameshika kitambulisho changu cha kazi.

"Za barua. Za zamani."

"Nyingine ziko wapi?"

"Nimebeba hii moja tu."

"Moja," alisema. "Mtu anavuka mpaka na stempu moja."

Aliitoa kwenye bahasha kwa vidole vitupu, akaiweka mezani chini ya feni. Kona yake ikaanza kuinuka. Niliogopa itapeperuka, halafu nikaona aibu kwamba naogopea karatasi wakati sijui kama nitalala nyumbani kwangu. Mkojo ukanibana. Niliwaona wanafunzi wangu wamesimama barabarani wakinitazama napakiwa kwenye gari. Nilimwona mwalimu mkuu akifungua barua yenye jina langu.

"Nani amekupa?"

Nilinyamaza kwa kitambo kifupi sana. Ningependa kuandika kwamba kilikuwa kirefu. Kisha nikasema yote: mtaa, kanisa lililo jirani, geti la bati lililopakwa rangi ya bluu. Nikaongeza kwamba ni mzee na anaishi peke yake. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Yule mama aliandika kila neno. "Tutawauliza wenzetu wa upande wa pili," alisema.

Waliipiga picha ile stempu, wakaituma kwa mtu wanayemjua wao. Nilikaa pale saa mbili hivi nikiwatazama wakiingia na kutoka. Hatimaye yule afisa wa kwanza akarudi na bahasha.

"Ni ya barua kweli. Nenda, mwalimu. Siku nyingine ujieleze vizuri."

Nilipofika nyumbani nilimpigia bibi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kesho yake ilikuwa imezimwa, na keshokutwa pia. Darasani, kila gari lilipoingia uwanjani nilipoteza sentensi niliyokuwa naisema. Mume wangu aliniuliza, "Si wamekuachia? Unaogopa nini tena?" Sikuweza kumwambia niliyoyasema kwenye chumba kile.

Jumamosi nilivuka mikono mitupu. Geti la bluu lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nilibisha muda mrefu, mwisho nikasikia kandambili zikiburuzwa.

"Uko peke yako?" aliuliza kabla ya kufungua.

Alikuwa amepungua. Alinieleza kwamba walikuja wanaume wawili na gari, wakapekua kabati na chini ya kitanda, wakaifungua albamu ukurasa kwa ukurasa. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walipoondoka alizima simu, na tangu hapo alikuwa akilala kwa jirani.

"Bamayo," nilimwambia, nikitumia neno la heshima analopenda kuitwa, "ni mimi niliyewaelekeza."

"Najua."

"Niliogopa."

Alikaa kwenye stuli, akanyoosha gauni lake magotini. "Na mimi waliniuliza nani mwingine anazo," alisema. "Nikawatajia shule yako. Na jina la mumeo nikalitaja, maana uliwahi kuniambia. Nisamehe, mwanangu."

Nilitaka kumwambia tumelipana, hakuna deni. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku, kwa sababu shuleni kwangu hakuna aliyekuwa amekuja bado. Yeye aliliona hilo usoni kwangu. Tulishikana mikono, na mikono yote minne ilikuwa ya baridi.

Kabla sijaondoka alitoa albamu nzima, akasema niichukue, hataki tena kulala nayo nyumba moja. Ni kitu nilichokuwa nakitamani tangu siku ya kwanza. Niliisukuma irudi kwake. Nilimwambia siwezi kuvuka nayo, na hakunibembeleza.

Shuleni hakuja mtu. Imepita miezi sasa. Stempu zote sita ninazo, lakini mlango ukigongwa nafunga droo kwanza ndipo naitika. Na bibi tunapigiana simu siku za Jumapili, tunaongea habari za mahindi, mvua na miguu yake inayovimba. Juzi alisema albamu amempelekea mchungaji mmoja aitunze. Sikumuuliza ni mchungaji yupi, naye hakusema.