Barua ya Kamanyola Iliyopandishwa Nyangezi

Mama mdogo Nabintu, mkulima wa mpunga Kamanyola, alinipigia simu kwa hasira. Mlango wa mfereji unaomwagilia mashamba yao ulikuwa umevunjika, na zilibaki wiki chache tu kabla ya kupanda. Barua mbili kwa mbunge hazikujibiwa.

"Wewe unafundishaka uraia," aliniambia. "Kuya hapa utufasirie huyu mutu."

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka kwa lori Bagira, ninakofundisha. Saa tatu nilikuwa Nyangezi, kwenye vilima vyenye baridi. Akina mama walikuwa wakichota maji kwenye bomba jipya lenye jina la mbunge huyohuyo.

"Anakuyaka hapa kila mwezi!" mmoja alijisifia ziara zake.

Baada ya Nyangezi, lori liliteremka kona za mlima Ngomo, na bonde la Ruzizi likafunguka chini yetu. Nilivua koti. Ni kama kuingia nchi nyingine, lakini juu na chini wanapiga kura pamoja, katika jimbo moja la Walungu.

Mchana, Kamanyola. Mama mdogo aliwakusanya wenzake sokoni na kunisomea nakala ya barua yao ya pili kwa mbunge: "Usipokuja, Kamanyola nzima haitakuchagua."

Niliomba sinia. Nikamwaga maharagwe mengi, ndizo kura za vilimani. Pembeni nikaweka konzi moja ya mchele, ndiyo Kamanyola. Kisha nikauondoa mchele.

"Tazameni. Bado anashinda. Mpaka wa jimbo ukichorwa hivi, tishio lenu halimgusi. Si lazima awe mtu mbaya. Anakwenda kura zake ziliko. Bonde hili lingekuwa jimbo peke yake, angekuja hapa mpaka mngemchoka."

"Basi sisi tuko bure?" jirani mmoja aliuliza.

Mama mdogo alicheka. "Bure? Na huu muchele, banaukulaka wapi?"

Wote wakageuka kumtazama. Kila siku ya soko magunia yao hupanda Nyangezi, na maharagwe hushuka. Mfereji ukifa, meza za wauza mchele wa kule juu nazo zitakauka. Tulimwandikia mbunge barua mpya, bila tishio, ili watu wa Nyangezi nao waitie sahihi.

Siku ya soko nilipanda nayo juu ya magunia. Nyangezi, Maman Furaha, muuza mchele, aliisoma mara mbili.

"Nitauzisha nini, mawe? Leta wino!"

Alitia alama ya dole gumba, akaishika barua mwenyewe na kuipitisha meza kwa meza, akiwagombeza waliosita. Kufikia alasiri alama za vidole zilijaza kurasa mbili, hata upande wa nyuma. Ijumaa mbunge alipokuja kwenye bomba lake, Maman Furaha alimkabidhi mkononi.

Mimi nilikuwa nimesharudi Bagira. Wiki iliyofuata mama mdogo alinipigia simu: mbunge ameteremka Ngomo na waashi, amesimama kwenye tope, viatu mkononi. Mlango ulitengenezwa; mashamba ya mwisho yalichelewa msimu ule, lakini mengi yalipata maji.

"Aliniuliza tuko wangapi hapa," mama mdogo alisimulia. "Nikamujibu: 'Hapa tuko kidogo, papa. Ila kule juu, bote banakulaka wali.'"

Mpaka wa jimbo haujasogea hata hatua moja. Darasani sasa ninafundisha somo hilo kwa sinia, maharagwe na mchele. Wanafunzi wakinuna kwamba konzi ni ndogo, ninawauliza: upande ule mwingine, nani anakula mnacholima?